Mwaka Tuliowasha Kisanduku Kisichokuwepo

Asya alifika msibani maiti imeshazikwa, na bado wanawake walisogea kumpisha. Mimi nilikuwa pale tangu asubuhi. Nilikuwa nimemenya vitunguu mpaka macho yakaniwiva, nimechambua mchele, nimewapokea wanakwaya walioteremka kutoka milimani kuja kumwimbia marehemu, na hakuna aliyenipisha popote. Nilikaa pembeni ya mkeka, nusu yangu ikiwa sakafuni. Yeye alishuka kwenye gari, akavua viatu mlangoni, akasema, "Poleni, wafiwa," kwa sauti yake ya Kipemba ambayo miaka yote ya Dar es Salaam haijaipunguza kitu, na mara nafasi ikapatikana katikati, karibu kabisa na mjane. Binti wa marehemu akamletea maji kwenye glasi. Mimi nilikuwa nimenywea kikombe cha plastiki. Nimefika umri ambao watoto wa mtaani wananiamkia kwa kuniita bibi, na nilidhani mambo haya yalishanitoka mwilini. Lakini nilipoiona glasi ile mkononi mwake, wivu ulinipanda vilevile ulivyokuwa ukinipanda tulipokuwa wasichana wawili katika chumba kimoja pale Usagara, mjini Tanga.

Marehemu alikuwa Mhandisi Mntambo, bosi wetu sote wawili. Nilifanya kazi kwake miaka mingi, lakini nikifumba macho ni mwaka mmoja tu unaokuja, ule aliokuja Asya. Sitaeleza nimezaliwa na nani wala nimesomaje. Itoshe kwamba mimi ni mtu wa Pangani, kwamba nilisomea kompyuta wakati watu wa kwetu walidhani ni kazi ya kupiga chapa, na kwamba Mhandisi alinichukua ofisi yake ikiwa bado inanuka chokaa mbichi. Yeye alikuwa ametumikia shirika la umma mpaka shirika likauzwa, na wanunuzi wakasema watu wa umri wake hawawahitaji. Wenzake kiinua mgongo chao walikitia kwenye mashamba na maduka. Yeye alinunua kompyuta mbili, akapanga vyumba viwili juu ya duka la rangi, akaandika jina la ofisi mlangoni kwa mkono wake mwenyewe.

Ulikuwa wakati mgumu kuueleza kwa watu wa sasa. Viwanda ambavyo ving'ora vyake vilikuwa saa yetu vilikuwa kimya, milango imefungwa minyororo, na wanaume wazima waliokuwa mafundi wa mitambo walikuwa wanauza maji ya baridi stendi. Papo hapo maduka yalikuwa yamejaa redio, pasi, simu za mkononi, mafuta ya kupikia ya kila namna, vitu ambavyo utotoni mwetu vilipangiwa foleni. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mshahara. Na umeme. Umeme ulikuwa wa mgao, leo mtaa huu, kesho ule, na sisi ambao kazi yetu yote ilikuwa ndani ya kompyuta tuliishi kwa kuusikilizia. Chumba chetu cha kazi kilikuwa na dirisha moja lililotazama barabara na miti ya mikungu, na ukuta wa mbao nyembamba uliotutenga na chumba cha Mhandisi, kiasi kwamba akikohoa tulimsikia. Harufu ya rangi na tina ya kuizimulia ilipanda kutoka dukani kutwa nzima. Kompyuta ya dirishani ndiyo iliyokuwa na kasi, na ilikuwa yangu. Nasema yangu kwa sababu hakuna mwingine aliyeigusa. Nilikuwa naifunika kwa kitambaa nilichokitarizi mwenyewe.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilitoka kwenye shamba la mkonge upande wa Maramba, ambalo lilikuwa limepata wenyewe wapya. Walitaka kujua maji yamebaki kiasi gani kwenye matangi yao ya mbali bila kumtuma mtu na baiskeli kila asubuhi. Mhandisi aliwaahidi visanduku vidogo, vya kukaa kwenye kila tangi, vipime maji na kupeleka habari ofisini kwao. Kisanduku chenyewe ni kompyuta, ila ndogo, haina skrini wala kibodi, na inahitaji kutengenezewa mfumo wake wa ndani. Mfumo huo wa Linux unaupika kwenye kompyuta kubwa mpaka unapata faili moja, tuliloliita imeji, kisha faili hilo ndilo unalolipandikiza kwenye kisanduku kiamke nalo. Tabu ni kwamba visanduku viliagizwa nje na vilikuwa vimekwama bandarini Dar es Salaam, na wenye shamba walitaka kuona kazi. Mhandisi akaniletea programu moja aliyoiita kiigizi. Ukiiwasha, kompyuta yetu ilijifanya kuwa ni kile kisanduku. "Tutaamsha mtoto kabla hajazaliwa," aliniambia, na akacheka peke yake.

Hakuamka. Kuipika imeji kulichukua asubuhi nzima, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Siku niliyobahatika kufika mwisho, niliwasha kiigizi, na mistari ya Kiingereza ikateremka mbio kwenye skrini nyeusi, halafu ikasimama. Sentensi ya mwisho ilikuwa ileile kila siku: mfumo umeshindwa kuyapata mafaili yake, hauwezi kuendelea. Nilibadili hiki, nikabadili kile. Niliyapanga mafaili upya, niliyahesabu, niliyapa majina mengine. Nilikuwa nakwenda nyumbani kwa baiskeli, sentensi ile inanizunguka kichwani. Mhandisi hakunigombeza hata mara moja. Alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, akatazama, akasema, "Tuendelee, mwanangu," na siku moja akasema kuna binti amemaliza chuo Unguja, mtu wa Wete, amesifiwa sana, atakuja atusaidie. Akauliza kama kwa Bi Mwanaisha, nilikopanga, pana nafasi ya kitanda kingine.

Hapakuwa na nafasi ya kitanda kingine, kwa hiyo Asya akalala kwenye changu. Alikuja na begi moja na furushi la karafuu, zawadi kwa mwenye nyumba, na Bi Mwanaisha, ambaye mimi nilimletea samaki wa Pangani kila nilipotoka kwetu bila kupata zaidi ya "ahsante," alizinusa karafuu zile akasema nyumba imepata baraka. Asya alikuwa mwembamba, mdogo kwangu, ana sauti ya chini inayowafanya watu wainame kumsikia. Alimwamkia kila mzee njiani. Alijua kupika. Ndani ya wiki alikuwa jikoni na Bi Mwanaisha, wanabishana kwa mapenzi juu ya pweza, huyu anasema wa Pemba, huyu anasema wa Tanga, nami chumbani nasikia sauti zao na sikuwa na la kuchangia. Kitu kilichonichoma zaidi mtu atakiona ni cha kitoto. Bi Mwanaisha alikuwa na desturi ya kukwangua ukoko wa wali wa nazi na kuniwekea kwenye kisahani, kwa kuwa alijua naupenda. Ramadhani ile, tumekaa mkekani, tumeshafungua kwa tende na uji wa pilipili manga, mihogo imeshaliwa, alikwangua sufuria la daku alilolianza mapema, akainua kisahani, akanipita mimi, akakiweka mbele ya Asya. Asya aliuvunja ukoko katikati akanipa nusu. Nilisema nimeshiba. Hadi leo nikiona ukoko nakumbuka nilivyokuwa na njaa.

Lakini hayo ni ya nyumbani. Ya ofisini yalikuwa makubwa zaidi, na yalitokea mapema, karibu mara tu alipofika. Siku zake za mwanzo hakugusa chochote. Alikaa kwenye kigoda pembeni yangu akiniangalia nikiwasha kiigizi na kiigizi kikikwama. Aliniomba nikiwashe tena. Akaniomba nisikifunge. Alikuwa haangalii ile sentensi ya mwisho niliyokuwa nagombana nayo. Alikuwa anasoma mistari ya juu, mmoja mmoja, kidole kwenye kioo, kana kwamba anasoma juzuu. Halafu akasema, "Mafaili yapo, dada Tatu. Yapo pale pale ulipoyaweka. Ila huyu hana cha kuyaonea."

Nilimwambia sielewi. Akaeleza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. Mfumo nilikuwa nimeutengeneza kwa ajili ya kisanduku, kwa hiyo ulijua kusoma kumbukumbu ya aina iliyomo ndani ya kisanduku tu. Kiigizi hakikuwa na kumbukumbu ya aina ile. Kilikuwa na diski ya aina nyingine. Mfumo uliamka, ukapapasa gizani, haukuona diski, ukaanguka. Kilichotakiwa ni kuufundisha kuitambua diski ya kiigizi, na hilo lilikuwa ni kutia alama mahali pamoja kwenye orodha ndefu ya mipangilio kabla ya kupika. Aliomba kiti. Nikainuka. Alitia alama ile, tukaanza kupika upya, na siku hiyo umeme, ambao kwangu ulikuwa ukikatika kila nikikaribia, haukukatika. Mchana tukiwa tunakula chapati na maharage juu ya magoti, imeji ikawa tayari. Aliwasha. Mistari iliteremka, ikafika pale ilipozoea kufia, ikapapita, ikaendelea, ikasimama kwa utulivu ikiuliza jina la mtumiaji. Kisanduku ambacho kilikuwa bado kwenye kontena Dar es Salaam kilikuwa kimeamka Usagara kinatuuliza sisi ni nani.

Mhandisi aliitwa. Alivua miwani, akaivaa, akashuka mwenyewe dukani kumwita muuza rangi aje aone, na muuza rangi, ambaye hakuelewa kitu, alitoa pongezi na kuagiza soda. Nilikunywa soda yangu nimesimama. Kiti changu kilikuwa na mtu. Mhandisi alisimama nyuma ya kiti kile, mahali alipozoea kusimama nyuma yangu, lakini safari hii aliweka mkono kwenye egemeo. Kesho yake nilipoingia, Asya alikuwa ameshakaa dirishani, na kitambaa changu kilikuwa kimekunjwa vizuri, kimewekwa juu ya kompyuta ya ukutani. Alisema Mhandisi ndiye aliyemwambia. Nilijua ni kweli. Ingekuwa si kweli ningepata pa kumshikia.

Mimi nikapewa kuandika programu ndogo ya kupima maji, ile itakayokaa ndani ya mfumo wa Asya. Ilikuwa kazi ya pembeni na nilijua ni ya pembeni. Niliiandika kwa hasira, lakini niliiandika vizuri. Nilifikiria mtu wa pampu kule shambani, ambaye hatakuwa na skrini, atajuaje kama kisanduku kiko hai au kimekufa. Kisanduku kilikuwa na kitaa kimoja kidogo cha kijani, kwa mujibu wa karatasi zake. Nikaandika kwamba kila mara programu inapomaliza kupima, taa iwake mara mbili upesi, kisha itulie, kisha iwake mara moja ndefu. Hakuna aliyeniagiza. Kwenye kiigizi taa haikuwepo, kwa hiyo sikuwahi kuiona; liliandikwa neno "taa" tu kwenye skrini, na hakuna aliyelijali isipokuwa mimi.

Nilikuwa kwenye kompyuta ya ukutani, yaani kwenye ule ukuta wa mbao, nilipomsikia Mhandisi akiongea kwenye simu na meneja wa shamba. Alikuwa akimhakikishia kazi inakwenda. Akasema, "Nina binti mmoja hapa, huyo ndiye ninayemtegemea." Halafu akasikiliza, akasema ndiyo, akija mwenyewe ataona, na kama wanataka kumpeleka mtu kusoma zaidi na kumwajiri moja kwa moja, basi binti ni huyo. Tulikuwa wawili. Aliponyamaza nilimwangalia Asya. Alikuwa ameinamia kibodi, midomo inacheza kidogo, na sijui kama alisikia. Nilichokitaka wakati ule kuliko ndoa, kuliko nyumba, kilikuwa kusikia mtu akisema neno "mmoja" na kunikusudia mimi. Sikumchukia Asya. Wivu ni kitu kingine kabisa. Ukimchukia mtu hutaki kumwona. Mimi nilikuwa namwangalia kutwa. Nilijua anavyoshika kalamu, anavyotulia kabla ya kujibu, anavyosoma mistari ya juu kwanza, na usiku ule, na nyingi nyingine, tulilala mgongo kwa mgongo na nikatamani niamke nikiwa yeye.

Visanduku vikaja. Vilikuja asubuhi, na meneja alikuwa aje siku hiyohiyo mchana, kwa sababu Mhandisi alikuwa ameshamwambia kila kitu kiko tayari na kilichobaki ni kupandikiza. Asya akapandikiza imeji kwenye kisanduku cha kwanza, akakiunganisha na kompyuta kwa waya wa kusomea, akakitia umeme. Skrini ikabaki nyeusi. Alizima, akawasha. Nyeusi. Akabadilisha waya. Akachukua kisanduku cha pili. Kwenye kiigizi mfumo uleule ulikuwa ukiamka kila siku kama saa. Kwenye kisanduku chenyewe hapakuwa na herufi hata moja ya kusoma, na Asya, ambaye nguvu yake yote ilikuwa katika kusoma, hakuwa na kitu cha kukisoma. Mhandisi alitazama saa, akasema anatoka kidogo akatafute vocha ampigie meneja asogeze mbele. Alipofunga mlango, Asya alijifunika uso kwa ncha ya mtandio akaanza kulia, bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Nilimwangalia, na kweli roho yangu ilitulia kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha macho yakaniteremka mezani. Kisanduku kilikuwa kimelala kati ya nyaya, na kitaa chake cha kijani kilikuwa kinawaka. Mara mbili upesi. Kikatulia. Mara moja ndefu. Nilidhani nimejidanganya. Nikangoja. Mara mbili upesi, kimya, mara moja ndefu. Asya alikuwa ameshakiona na alikuwa amekichukulia kuwa ni alama ya ubovu, maana kwenye karatasi za kiwandani taa inayopepesa ni hitilafu. Lakini ule haukuwa mpepeso wa kiwandani. Ule ulikuwa wangu. Programu yangu ilikuwa inatembea ndani ya kile kidude, inapima maji yasiyokuwepo, na haiwezi kutembea kama mfumo haujaamka.

Watu waliowahi kunisikia nikisimulia wamenisifu kwamba nilimwokoa mwenzangu. Haikuwa hivyo. Sikuwa na huruma naye dakika ile, na kama ingekuwa taa yake nadhani ningekaa kimya. Nilisema kwa sababu ilikuwa yangu na hakuna aliyekuwa anaiona.

Nikamwambia, "Usilie. Kimeamka hicho."

Akaondoa mtandio usoni.

"Kimeamka kitambo. Ile taa ni mimi niliyeiandika. Kinaongea, ila si kwenye waya huu tunaousikiliza."

Hakuuliza mara mbili. Aliitazama taa mzunguko mmoja, akageukia kibodi, na nikauona ule utulivu wake ukimrudia. Kwenye kiigizi tulikuwa tumeuambia mfumo utoe maneno yake kupitia mlango wenye jina fulani, mlango wa kiigizi. Kwenye kisanduku mlango ule haukuwepo. Ulikuwa na jina jingine. Mfumo ulikuwa unaongea na ukuta. Asya alibadilisha neno moja, akapandikiza upya, akatia umeme, na mistari ikaanza kumiminika, mizuri, myeupe juu ya weusi. Mlango ukafunguliwa. Mhandisi aliingia na vocha mkononi hajaikwangua, akaona skrini, akaona vidole vya Asya juu ya kibodi na machozi mashavuni mwake, mimi nimesimama nyuma nimeshika waya. Akamwambia, "Nilijua hutaniangusha." Asya alifungua mdomo. Nyuma ya Mhandisi, kwenye ngazi, tulisikia viatu vya meneja, alikuwa amewahi, na salamu zikaanza, shikamoo na marahaba na karibuni, viti vikatafutwa, na lile alilotaka kulisema, kama alitaka, halikusemwa. Nimejiuliza miaka mingi lilikuwa neno gani. Huenda alitaka kupumua tu.

Walimchukua. Alikwenda kusoma, kwanza Dar es Salaam, halafu nje, na hakurudi Tanga kukaa tena. Bi Mwanaisha alilia siku anaondoka, na kwa wiki nzima alipika pweza kwa namna ya Pemba. Mimi nilirudishiwa kompyuta ya dirishani, na nikatumwa Maramba kufunga visanduku, kazi ya kupanda ngazi za matangi kwenye jua na mavumbi ya mkonge, na buibui lako umelikunja kiunoni. Niliichukia mwezi wa kwanza. Wafanyakazi wa pampu, wengi wao watu waliotoka mbali wazazi wao walipoletwa kukata mkonge, walinikaribisha ugali na dagaa kwenye vibanda vyao, na walijifunza mpepeso wa taa upesi kuliko nilivyotegemea. Mmoja wao, mwanamke aitwaye mama Yohana, alikuwa akiniita kutoka chini, "Fundi, imepepesa," na neno lile fundi nililizoea kidogo kidogo, mpaka nikaanza kuligeukia. Nilikaa katika kazi hiyo maisha yangu yote. Kila kisanduku nilichokifanya baadaye kilikuwa na taa yake, na kila nilipowasha kiigizi nilianza kusoma mistari ya juu. Hilo nililipata kwa kumwangalia Asya kwa jicho baya, na sijui kama ningelipata kwa jicho jema.

Basi pale msibani, jua limeanza kupungua na chai imeshazunguka, wanawake wakawa wanamkumbuka marehemu, kila mmoja na lake. Ikafika zamu ya Asya. Alisema Mhandisi alikuwa mtu wa imani, aliwaamini wasichana wakati ambao wenzake waliwapa kazi ya kufagia, na akaanza kusimulia siku visanduku vilipokuja. Nilikaa sawa. Alisimulia vizuri, ana kipaji hicho pia. Akawaeleza skrini nyeusi, meneja yuko njiani, Mhandisi katoka. Wanawake wakainama kumsikia. Halafu akasema, "Nikatupa jicho mezani, nikakiona kitaa kinapepesa, mara mbili, kisha mara moja. Nikasema, la, hiki kimeamka."

Nilimtazama usoni. Hakuwa anadanganya. Mtu anayedanganya mbele ya aliyekuwepo huwa anamkwepa kwa macho, na yeye alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, ananitaka niitikie. Alikuwa amekumbuka hivyo. Miaka imempitia, amewasimulia wanafunzi wake, wanawe, na mahali fulani njiani macho yaliyoiona taa yalihama kutoka kwangu yakaingia kwake. Kitu kimoja nilichokuwa nacho, nimekiweka ndani miaka yote hiyo bila kumuonyesha mtu yeyote wa ofisini, na alikuwa nacho yeye, amekivaa, na kinampendeza.

Nikasema, "Asya, aliyeiona taa ni mimi."

Mjane akaacha kuvuta pindo la kanga yake. Asya alikunja uso, si kwa kuudhika, kwa kutafuta, akatulia vile anavyotulia, na nikajua anarudi nyuma, anasoma mistari ya juu.

"Wewe," akasema polepole. "Basi miye nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unalia."

Aliweka kiganja mdomoni. Kisha akacheka, cheko la kwanza nililolisikia nyumba ile tangu asubuhi, na mjane akacheka, na wanawake wote, hata wanakwaya waliokuwa uani wakachungulia. "Wallahi nilikuwa nalia," Asya akasema, akijipangusa macho. "Mtandio wote uliloa. Ni kweli. Taa ilikuwa ya dada Tatu." Akalirudia kwa mjane, kwa sauti, jina langu, na kwa mara ya kwanza siku ile watu walisogea, nikapata mkeka wa kunitosha.

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba wivu ulinitoka pale pale. Lakini binti wa marehemu alikuja kuniomba nikasaidie masufuria kabla maji hayajakatwa, mimi, si mgeni wa Dar es Salaam, nikainuka. Asya naye akainuka. Walimzuia, hakusikia. Alifunga kanga juu ya gauni lake la bei, akachuchumaa kando yangu uani, akachota majivu na mchanga, na tukasugua bega kwa bega; aliniuliza tu wanangu hawajambo, nami nikamuuliza wake. Kila nikimaliza moja nilitupia jicho upande wake. Yalikuwa masufuria yaleyale, majivu yaleyale, na ya kwake yalikuwa yanang'aa zaidi. Nikaongeza mchanga, nikasugua kwa nguvu.